Ufa Uliorudi Kila Msimu: Kisa cha Mkono wa Trela ya Miwa Mashariki mwa Uganda

Kisa hiki kimetoka kwenye karakana moja ya ukanda wa miwa wa Busoga. Majina ya watu, mji na alama za trela vimeondolewa. Vipimo vimesogezwa kwenye namba za karibu, lakini uwiano kati yake umebaki ulivyokuwa. Mimi niliitwa kukagua hesabu zilizofanywa kwenye kompyuta, na kutoka hapo nikafuatilia kazi yote hadi trela ziliporudi barabarani. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaosomea uhandisi wa mitambo na kwa mafundi wanaofanya nao kazi, maana pande hizi mbili zinahitajiana kuliko zinavyodhani.

Mazingira

Ukitoka Jinja kuelekea Iganga, Mayuge, Luuka, Kaliro au Kamuli, miwa iko kila upande. Wengi wanaolima ni wakulima wadogo wanaouza kwa viwanda, na kati ya shamba na kiwanda kuna wenye matrekta na trela. Barabara kuu zina lami, lakini mashamba hayako kando ya lami. Trela hujazwa huko ndani, kisha hupita murramu yenye makunyanzi na mashimo kwa kilomita nyingi kabla ya kufika barabara nzuri. Malipo ni kwa tani, kwa hiyo miwa hupangwa mpaka ipite nguzo za pembeni.

Mwenye trela katika kisa hiki ni mama mmoja ambaye karakana nzima humwita Mama, mafundi na madereva pia. Fundi mkuu alijifunza kazi upande wa Kenya, madereva wawili wametoka Busia, na wasaidizi ni Wasoga na Wagisu, kwa hiyo lugha ya karakana ni Kiswahili. Hivi karibuni walimpokea kijana aliyemaliza shahada ya uhandisi. Walimwita Injinia tangu siku ya kwanza, naye alimwita fundi mkuu Mzee.

Trela zenyewe zilitengenezwa hapohapo. Kila moja ina mkono wa mbele unaoiunganisha na trekta: chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la U) za chuma cha kawaida, zenye ukuta wa milimita 8, zinazokutana mbele kwenye jicho la kuunganishia na kuishia nyuma kwenye boriti ya kwanza inayokingama. Ekseli ikiwa nyuma kidogo ya katikati ya mzigo, sehemu ya uzito hulalia trekta. Trekta hulisukuma jicho juu, mkono hupinda, na upande wa chini wa mkono huwa ndio unaovutwa. Jambo hilo la upande wa chini lishikwe, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea hilo.

Yaliyotokea

Mikono ilianza kupasuka karibu na pale inapoungana na boriti. Fundi mkuu alifanya ambalo fundi yeyote angelifanya: alisafisha ufa kwa grainda, akaujaza kwa kuchomelea, akapachika kiraka cha bamba upande wa chini na kukizungushia mshono pande zote nne. Trela ikarudi kazini. Baada ya miezi kati ya minne na minane ufa mwingine ukaonekana, safari hii mwishoni mwa kiraka. Kikawekwa kiraka kirefu zaidi. Ufa ukahamia mwisho mpya.

Lawama zilienda kwanza kwa vijiti vya kuchomelea kwamba ni vya bei rahisi, kisha kwa mchomeleaji, kisha kwa chuma. Fundi mkuu hakukubaliana na lawama zote tatu, na ushahidi wake ulikuwa mzuri. Alipaka mafuta ya taa mahali paliposhukiwa, akayaacha yaingie, akafuta kwa kitambaa mpaka pakakauka, kisha akapulizia unga wa chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa rangi ya kahawia ukajitokeza kwenye weupe. Haukuwa juu ya mshono. Ulikuwa pembeni yake, unywele tu kutoka mshono unapoishia, kwenye chuma kizima cha chaneli. "Mshono haujakatika," alisema. "Kilichokatika ni chuma kilicholala kando yake."

Kama vijiti vingekuwa vibaya, mshono wenyewe ungefunguka. Ufa unaoanzia ukingoni mwa mshono na kuingia kwenye chuma cha asili, ukakata njia yake wima dhidi ya mwelekeo wa kuvutwa, ni alama ya uchovu: mzigo unaokuja na kuondoka maelfu kwa maelfu ya mara, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike, ingawa hakuna mkunjo mmoja uliotosha kuukata.

Wakati huohuo Injinia alikuwa na kompyuta yake ya mkononi na CalculiX, programu ya bure ya kukokotoa jinsi vitu vinavyobeba mzigo, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, ambayo hutumika pia ndani ya FreeCAD, programu ya kuchora. Alichora mkono, akaugawa katika vipande vidogo, akaukaza nyuma na kuupa nguvu ya wima kwenye jicho. Kwa vipande vya milimita 4 karibu na mshono, mkazo wa juu kabisa, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo la chuma, ulikuwa megapaskali 185. Chuma hicho huanza kurefuka bila kurudi kwenye 250 hivi, kwa hiyo jibu lilikuwa kwamba mkono ni salama. Akafanya alivyofundishwa chuoni: akapunguza vipande kwa nusu ili ahakikishe. Ikaja 225. Milimita 1 ikatoa 280. Nusu milimita ikatoa 350.

Mkono uleule, mzigo uleule, na hukumu imegeuka kutoka salama hadi hatari kwa sababu ya ukubwa wa vipande. Injinia alimpelekea Mama ile namba kubwa kuliko zote, akapendekeza chuma chenye nguvu zaidi kutoka Kampala. Mama alikuwa tayari kulipa. Kabla hajalipa, aliomba mtu wa nje aangalie, na hapo ndipo nilipoingia.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha oda ya chuma. Zile namba nne zilinitosha kujua kwamba hazisemi lolote kuhusu chuma. Zitazameni: 185, 225, 280, 350. Kila vipande vinapopunguzwa nusu, mkazo unapanda kwa karibu robo, na hakuna dalili ya kutulia. Mwaka 1952 M. L. Williams alionyesha kinachotokea kwenye kona kali ya kitu kinachotii kanuni ya unyumbufu, yaani kinachorudi umbo lake mzigo ukiondoka: mkazo kwenye ncha ya kona hauna kikomo, na kasi ya kupanda kwake inategemea pembe ya kona peke yake. Mshono wa nyuzi 45 unapokutana na bamba, chuma kinazunguka nyuzi 225 kwenye ukingo huo. Kwa pembe hiyo mkazo hukua kwa kipeo cha takriban 0.33 kadiri unavyokaribia ncha, yaani kila ukigawa umbali kwa mbili unazidisha mkazo kwa 1.25. Ndicho alichokipata Injinia. Programu yake ilifanya kazi vizuri sana. Ilimpa kwa uaminifu jibu la swali lisilo na jibu. Angeendelea hadi robo milimita angepata 437 hivi, na baada ya hapo zaidi.

Mgawanyo huo wa vipande huitwa wavu, na wanafunzi wengi hufundishwa kwamba wavu mdogo ni wavu bora. Ni kweli kwa mahali palipo laini. Jukwaa la gesi la baharini, Sleipner A, lilizama karibu na Stavanger, Norway, tarehe 23 Agosti 1991 kwa sababu, pamoja na mengine, wavu mpana ulikadiria mkazo wa kukata kwenye kuta za zege kwa upungufu wa 47 kwa mia. Huko wavu mdogo ungeokoa. Kwenye kona kali ya mshono wavu mdogo hauokoi chochote, na mtu asiyejua tofauti ya hali hizi mbili atatoa hukumu kwa bahati.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchagua namba inayoweza kulinganishwa na kitu. Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji, IIW, ina njia iliyozoeleka kwa hali hii: usisome mkazo kwenye ukingo wenyewe, usome kwenye pointi mbili zilizo mbali kidogo, kisha uvute mstari kuelekea ukingoni. Pointi ya kwanza huwa umbali wa 0.4 ya unene wa bamba, ya pili umbali sawa na unene mzima. Kwa bamba letu la milimita 8 ni milimita 3.2 na milimita 8. Unazidisha mkazo wa pointi ya kwanza kwa 1.67 na kutoa mkazo wa pointi ya pili uliozidishwa kwa 0.67. Namba inayopatikana huitwa mkazo wa kimuundo. Haibadiliki unapopunguza vipande, na muhimu zaidi, majaribio ya viungo halisi vilivyochomelewa yamepangwa kwa namba hiyohiyo.

Kabla ya kuisoma tulitaka kujua kama modeli inafanana na trela. Hapo fundi mkuu akashika usukani. Trela tupu ilikazwa juu ya magogo chini ya ekseli na chini ya boriti ya nyuma, mkono ukaachwa hewani, na mifuko kumi ya saruji ya kilo 50 ikapangwa kwenye jukwaa lililofungwa kwenye jicho. Tulipima jicho liliposhuka: milimita 5. Modeli ilisema 3.5. Kushuka kwa jicho hakuathiriwi na kona kali. Ni kipimo kinachotulia mapema, hata kwa wavu wa kawaida. Kwa hiyo tofauti hiyo ilikuwa na sababu nyingine, na sababu ilionekana kwa macho. Mifuko ilipopangwa, boriti iliyokingama ilijisokota. Kwenye modeli nyuma ya mkono ilikuwa imekazwa kana kwamba imeingia kwenye ukuta wa zege.

Nadhani hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo, kwa hiyo nakieleza taratibu. Mkono unaoishia kwenye boriti moja hauna njia ya kupeleka upindaji wake mahali popote isipokuwa kuisokota boriti hiyo. Boriti yenyewe ilikuwa chaneli, yaani umbo lililo wazi upande mmoja, na umbo la wazi ni dhaifu mno dhidi ya kusokotwa. Kwa chaneli ya milimita 150 kwa 75 yenye unene wa 8, ukifunga upande ulio wazi kwa bamba la unene uleule, ugumu wake dhidi ya kusokotwa unaongezeka zaidi ya mara mia moja. Viraka vyote vilivyopachikwa kwa miaka hiyo vilikuwa vinaimarisha mkono. Mkono haukuwa dhaifu. Kilichokosekana ni mahali pa kuushikia.

Tukaongeza boriti na fremu ya mbele kwenye modeli. Kushuka kukawa milimita 4.7, karibu vya kutosha na kipimo cha saruji. Kisha tukasoma mkazo mwishoni mwa kiraka: 148 kwenye milimita 3.2 na 131 kwenye milimita 8. Kwa fomula ile inapatikana 159. Injinia alirudia hesabu kwa vipande vidogo zaidi, ikabaki palepale. Alifurahi waziwazi, na nadhani alistahili.

Iliyobaki ilikuwa barabara. Simu ya Injinia ilifungwa kwa waya na mpira kwenye fremu ya mbele, programu ya kurekodi mitikisiko ikawashwa, na dereva akaambiwa aende mwendo wake wa kila siku akiwa na mzigo wake wa kila siku. Kwenye rekodi, mtikisiko mkubwa unaonekana ukiupunguzia mkono karibu mzigo wote kisha kuurudishia, hivyo tofauti kati ya kilele na bonde iko karibu na kilele chenyewe. Tulihesabu mizunguko kwa njia iliyobuniwa Japani na Matsuishi na Endo mwaka 1968, na tukaijumlisha mikubwa na midogo kwa kanuni ya Palmgren na Miner, inayojumlisha madhara ya kila mzunguko. Jumla ilikuwa sawa na mitikisiko mikubwa 50 hivi kwa kila kilomita. Kwa safari nne za kilomita 20 kila siku, ni 4,000 kwa siku.

Tukiuhesabu mshono wa mwishoni mwa kiraka kuwa mshono unaobeba mzigo, tulichukua daraja la 90 la IIW, maana yake mkazo unaopanda na kushuka kwa megapaskali 90 unavumilika mara milioni 2. Uhai hupungua kwa kipeo cha tatu: milioni 2 zidisha kwa 90 gawa kwa 159, kwa kipeo cha tatu, ni takriban 360,000. Gawa kwa 4,000 upate siku 90 za kazi. Mistari ya IIW imewekwa upande wa usalama, viungo vingi hudumu zaidi ya hapo, kwa hiyo miezi minne hadi minane ya daftari la karakana ilikuwa palepale tulipoitarajia. Hesabu iliyotabiri yaliyokwisha kutokea ndiyo inayostahili kuulizwa kuhusu yajayo.

Mama aliuliza kwa mara ya mwisho kuhusu ile oda ya chuma. "Kwa hiyo nikinunua kile chuma kigumu cha Kampala, hakitasaidia?" Hapana, Mama. Ukingo wa mshono tayari una mikwaruzo na vijidonda vidogo tangu siku ulipopoa, na mkazo wa ndani ulioachwa na joto uko karibu na kikomo cha chuma. Kinachobaki ni ufa kukua, na nyufa hukua kwa kasi inayokaribiana katika vyuma vya kawaida na vyuma vigumu. Ndiyo maana kanuni za uchovu wa viungo vilivyochomelewa hazitoi daraja la juu kwa chuma cha bei ghali. Angelipa zaidi apate ufa uleule.

Zilibaki njia mbili: kuifunga boriti iwe boksi, au kurefusha mikono ipite chini ya boriti ya kwanza hadi ya pili. Kwenye karatasi, njia ya kwanza ilivutia, kwa ile mara mia. Fundi mkuu aliikataa. Alisema maji ya miwa na matope yataingia kwenye boksi na kuila kutoka ndani pasipo mtu kuona, na mabomba ya breki yangehitaji kuhamishwa. Njia ya pili ilikuwa na faida nyingine: mkono unaoshikwa na boriti mbili hubeba upindaji kwa nguvu mbili za wima, moja ikisukuma juu na nyingine chini, na hakuna boriti inayohitaji kusokotwa. Tulichagua hiyo.

Viraka viliondolewa. Mikono mipya ya chaneli ileile ikarefushwa. Bamba za kuungia zikahamishwa kutoka upande wa chini kwenda ubavuni, karibu na katikati ya kimo ambako mkazo wa kupinda ni mdogo, na ncha zake zikachongwa zishuke polepole badala ya kukatwa wima. Kwenye upande wa chini, kati ya jicho na boriti ya kwanza, pakapigwa marufuku mshono wowote unaokingama. Kwenye modeli mkazo wa kimuundo ukashuka hadi 80. Ukiugawa 159 kwa 80 na kupandisha kwa kipeo cha tatu, unapata uhai wa karibu mara nane. Kingo za mishono muhimu zikasuguliwa kwa kifaa chembamba kinachozunguka hadi nusu milimita chini ya mikwaruzo, alama za kusugua zikifuata mwelekeo wa kuvutwa. IIW inakubali mkazo uliozidishwa kwa takriban 1.3 kwa kazi hiyo ikifanywa vizuri. Hatukuuhesabu. Ustadi hutofautiana kutoka fundi hadi fundi, tukauacha uwe akiba.

Injinia alipendekeza pia kuiga ufa wenyewe kwa njia mpya zinazoutazama kama ukanda mwembamba unaojichorea njia, zinazotokana na kazi ya Francfort na Marigo ya 1998. Ni eneo lenye nguvu sana katika utafiti wa leo na ningependa aliendeleze. Kwa trela hii nilimshauri aache. Njia hizo zinahitaji kujua ukakamavu wa chuma dhidi ya ufa na zinadai wavu mdogo mno, na mwisho wa hesabu tungejifunza ufa utapita wapi. Fundi mkuu alikuwa ameshatuonyesha kwa chaki.

Matokeo

Trela za kwanza zilizofanyiwa kazi zilipita msimu mzima, kisha mwingine, bila ufa kwenye maungio ya mkono na boriti. Ukaguzi wa mafuta ya taa na chaki uliwekwa kuwa wa kila mwezi na msimamizi ni fundi mkuu mwenyewe. Gharama ilikuwa ya chaneli ya ziada na muda wa karakana, chini kabisa ya bei ya chuma kilichokuwa kinaagizwa.

Trela moja ilipasuka. Ufa haukuwa kwenye maungio. Ulikuwa upande wa chini wa mkono, katikati ya nafasi iliyopigwa marufuku, kando ya ndoano ndogo ya kuning'inizia mnyororo. Turniboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameomba ndoano, na kijana wa kuchomelea akampachikia, mshono mfupi tu, kazi ya dakika chache wakati wengine wako kwenye chakula. Ufa uliwahi kuonekana kwenye ukaguzi kabla mkono haujakatika, ndoano ikakatwa, palipopasuka pakachongwa na kukarabatiwa, na ndoano sasa hushikwa kwa kibano cha boliti.

Uzito haukupunguzwa. Mama alielezwa kwamba mzigo ukizidi kwa robo, mkazo huzidi kwa robo na uhai huwa karibu nusu, na alisikiliza vizuri. Lakini analipwa kwa tani na washindani wake hujaza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuacha kuamini kilele cha mkazo na kuchagua namba yenye mwenzake kwenye majaribio. Mtu anaweza kuwa na kompyuta nzuri, programu nzuri na wavu mzuri, na bado asiwe na jibu kwa sababu hajajua anailinganisha namba yake na nini. Kwa mishono, kulinganisha kilele na kikomo cha chuma hakuna maana mara mbili: kilele hakipo, na kikomo sicho kinachouvunja mkono.

Jaribio la saruji lilikuwa na thamani kuliko hesabu zote. Lilichukua muda mfupi, lilihitaji mifuko ambayo karakana ilikuwa nayo, na ndilo lililotuonyesha boriti ikisokotwa. Pasipo hilo tungesoma mkazo wa kimuundo kwa usahihi kutoka kwenye modeli isiyofanana na trela. Napendekeza kila anayeanza hesabu za namna hii apime kwanza kitu kimoja anachoweza kukipima kwa mkono. Kushuka kwa ncha ni chaguo zuri, kwa sababu hakuogopi kona kali.

Ushahidi wa fundi mkuu ulikuwa umepatikana mapema kuliko yote. Alijua ufa unaanzia ukingoni mwa mshono na kwamba unafuata mwisho wa kiraka. Hilo peke yake linatosha kuondoa vijiti kwenye orodha ya washukiwa na kuelekeza kwenye uchovu. Halikutumika mapema kwa sababu hakuna aliyelichukulia kuwa kipimo. Lilikuwa kipimo.

Kilichoshindwa ni kuipeleka sababu ya marufuku hadi kwa kila mwenye kifaa cha kuchomelea. Amri ilitolewa: usichomelee chini ya mkono. Sababu ilibaki kwa watu watatu. Kwa macho ya kijana, ndoano isiyobeba chochote isipokuwa mnyororo haiwezi kuumiza chaneli nzito, na fikra hiyo si ya kijinga. Wahandisi wa Alexander L. Kielland, jukwaa la wafanyakazi wa mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini, walikuwa na kitu kama hicho: bamba dogo la kushikilia kifaa cha kusikiliza chini ya maji, lililochomelewa kwa mshono wa milimita 6 kwenye mhimili uliobeba mzigo. Uchovu ulianzia kwenye mshono huo. Tarehe 27 Machi 1980 mhimili ulikatika, jukwaa likapinduka, na kati ya watu 212 waliokuwamo 123 walikufa. Mshono haujali kama kinachoning'inia ni kizito. Unaweka kona kali kwenye chuma kinachovutwa, na mzigo wa mkono mzima unapita kwenye kona hiyo. Baada ya ufa wa ndoano, kijana yuleyule alipewa chupa ya mafuta ya taa na chaki, akaonyeshwa mstari ukijitokeza, na sasa yeye ndiye anayefanya ukaguzi wa kila mwezi akisimamiwa na fundi mkuu.

Kuhusu uzito sina suluhisho la kiufundi ninaloweza kulitetea. Mkono unaweza kuongezwa unene, lakini uzito utahamia kwenye ekseli, kisha kwenye magurudumu, kisha kwenye barabara ya kijiji. Tulichoweza kufanya ni kuirudia hesabu kwa mzigo wa kweli, ule unaopita nguzo, na kuwapa Mama na fundi mkuu muda wa ukaguzi unaolingana nao. Kwa mzigo huo ukaguzi wa kila mwezi unatosha kuuona ufa ukiwa bado mfupi. Trela mbili za zamani bado zina viraka; zitaingia karakana miwa ikipungua, na mpaka wakati huo zinakaguliwa kila wiki.